Nahamia nchi ya baridi kali na sijawahi kuiona theluji, nijiandaeje?

MgeniWaTheluji:

Habarini wakuu, poleni na majukumu.

Ngoja niende moja kwa moja kwenye mada maana muda wenyewe umeshaniishia. Nimepata nafasi ya kusoma nje miaka miwili, na huo mji ninaoenda nimeuweka kwenye simu karibu na ninaoishi ili kila siku nione hali ya hewa ya pande zote mbili, sasa leo huku inasoma 29 kule inasoma -11, afu jamaa mmoja aliyeko hukohuko nilivyomtumia hiyo picha akacheka, akaniambia kwa -11 watu wanaenda kazini zipu iko wazi, subiri Januari ikae kwenye -25 ndo utaelewa. Mimi tangu nizaliwe baridi yangu kali ni ile ya alfajiri unaongeza shuka la pili basi, hata sweta sina, lililopo ndani ni la mke wangu.

Naondoka baada ya wiki tatu. Natangulia mwenyewe, wiki kama tatu baadaye mke wangu anakuja na binti yetu wa miezi 14.

Kinachonichanganya ni kwamba kila mtu ana lake. Mmoja anasema nunua jaketi moja zito la kufa mtu umemaliza kazi. Mwingine anasema usinunue hata soksi, vyote utavikuta. Mwingine (huyu hata kupanda ndege hajawahi) ananiambia nitembee na kichupa cha pombe kali mfukoni, inapasha damu. Na kuna mmoja kanitisha habari za giza, eti watu wanaugua mawazo kisa jua halionekani, hiyo ni kweli au ni stori tu za kutishana?

Naombeni mliopitia mnisaidie, nguo, nyumba, mtoto, kutembea barabarani, chochote kile. Hata kama unaona ni kitu kidogo kiandike tu, mimi hapa ni mweupe kabisa.

---

KipupweSugu:

Karibu chamani mkuu. Mimi huu ni msimu wangu wa tisa kwahiyo nisikilize vizuri.

Huo ushauri wa jaketi moja zito ndo niliopewa na mimi, ngoja nikwambie ulinifikisha wapi. Nilinunua jaketi limejaa kama godoro, chini nikavaa jinzi na raba zangu za kawaida, nikaenda kusubiri basi, ilikuwa -18 na kaupepo. Basi likachelewa dakika kama 20. Kifuani nilikuwa na joto mpaka jasho linatoka, lakini vidole vya miguu vikaanza kuuma, vikauma, vikauma, afu vikaacha. Nikajisemea aah mwili umeshazoea huu. Kumbe kuacha kuuma ndo hatari yenyewe! Nimefika ndani navua soksi nakuta vidole viwili vya mwisho vimepauka rangi ya mshumaa, ukivibonyeza havirudi upesi. Nikaviweka kwenye maji ya vuguvugu na vilipoanza kurudi asee nililia kama mtoto, mtu mzima na ndevu zangu. Mpaka leo hivyo viwili ndo vinavyotangulia kusikia baridi kabla ya mwili wote.

Sasa somo lenyewe. Joto halitoki kwenye jaketi, linatoka mwilini mwako, nguo kazi yake ni kulifunga lisitoke, na kinacholifunga ni hewa iliyotulia katikati ya nguo na nguo. Ndo maana nguo tatu nyepesi zinalishinda joho moja zito. Ya ndani kabisa inayogusa ngozi iwe ya sufu nyepesi au ile ya mazoezi inayokauka haraka, juu yake sweta la sufu au la manyoya manyoya, juu kabisa jaketi la kuzuia upepo na maji ambalo linashuka mpaka chini ya makalio (hili usilidharau, lile fupi la kiunoni ukikaa kwenye benchi la kituo utanikumbuka). Chini hivyohivyo, taiti ya sufu ndani ya suruali. Na pamba achana nayo kwenye ngozi, pamba ikinywa jasho haikauki, na maji yanaondoa joto mwilini karibu mara 25 kuliko hewa, kwahiyo fulana yako ya pamba iliyolowa inageuka friji umeivaa.

Jasho ndo adui mkubwa kuliko hata hiyo -25. Ukitembea ukaanza kusikia joto fungua zipu, vua kofia kidogo, usisubiri ulowe. Utaona wenyeji wanatembea jaketi wazi utadhani ni wehu, siyo wehu, wanajua.

Buti: nunua namba moja juu ya yako. Mtu anavaa buti inambana na soksi mbili akidhani ndo joto, anajiua, damu haipiti na hewa haina pa kukaa. Soksi moja nene ya sufu na nafasi ya kuchezesha vidole, na angalia soli iwe nene ya mpira laini, ikiwa ya plastiki ngumu barafu itakufundisha kucheza dansi. Glavu zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na dole gumba peke yake zinapasha kuliko za vidole vitano, maana vidole vinapeana joto. Ndani yake vaa nyembamba za vidole ili ukitaka kushika simu usibaki mkono mtupu.

Halafu usisome ile namba kubwa tu kwenye simu, soma na ile ndogo iliyoandikwa inavyohisi. Upepo unaipeperusha ile hewa ya joto inayoshikamana na ngozi. Mfano -20 ikiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi yako inaisoma kama -33, na kwa hali hiyo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Hesabu hizo Kanada na Marekani walizifanyia marekebisho mwaka 2001, walichukua watu wakawatembeza kwenye mashine ndani ya chumba cha upepo wa baridi uso ukiwa wazi, sijui waliwalipa nini wale. Kwahiyo masikio, pua, mashavu na vidole ndo vya kulinda kwanza, kifua kitajitetea chenyewe.

Ngozi ikifa ganzi ikapauka (sisi weusi inakua kama kijivu hivi) ingia ndani. USISUGUE, wala usiote kwenye moto au hita maana huhisi kitu utajiunguza. Maji ya vuguvugu ya kama nyuzi 37 mpaka 39, na kama ni ngumu au imetoa malengelenge nenda hospitali.

---

Mzee_wa_Mitumba:

KipupweSugu umeongea vizuri ila mimi sikubaliani na watu kununua vitu vya baridi kabla ya kusafiri. Nchi za joto hizo jaketi zinazouzwa nyingi ni urembo, linaonekana nene kumbe ndani ni sponji. Kule unaenda na duka lina watu wanaoijua baridi, unajaribu buti ukiwa umevaa soksi yenyewe, na ukiwa mjanja unaingia kwenye mitumba yao, watu wanatoa majaketi mazuri kabisa kisa wamenenepa.

---

KipupweSugu:

@Mzee_wa_Mitumba hapo tuko pamoja mzee, lakini kati ya mlango wa uwanja wa ndege na hilo duka kuna nini? Kuna baridi mzee wangu. Mgeni anatua saa tano usiku, maduka yamefungwa, yuko na fulana. Mimi nasema hivi, vya kumfikisha salama siku mbili za kwanza aende navyo, kofia, glavu, soksi za sufu, jaketi la kuazima hata kama baya, na viwe kwenye begi la mkononi, siyo lile kubwa la kupakiwa chini ya ndege. Begi likipotea ndo umekwisha. Jaketi la maana na buti anunue akifika, hapo sibishi.

---

Mzee_wa_Mitumba:

Hiyo ya begi la mkononi nimekukubali.

---

MamaKundi:

Mdogo wangu hongera kwa masomo, mimi nina watoto wawili waliokulia kwenye theluji, niachie habari ya nyumba na mtoto, wanaume huwa mnaishia kwenye majaketi tu.

Tuanze na mtoto. Kanuni rahisi ni kwamba mvalishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, kwasababu wewe unatembea yeye kakaa tu kwenye kigari. Kumjua kama ana baridi usishike mikono, mikono ya mtoto ni ya baridi muda wote, ingiza vidole nyuma ya shingo. Pakiwa pa vuguvugu pakavu yuko sawa, pakiwa na jasho umemzidishia, punguza. Skafu ndefu usimfunge, inaweza kumkaba, tafuta ile ya duara inayoingia kichwani kama soksi. Na lile nailoni la kufunika kigari usilibane pande zote, mtoto anahitaji hewa.

Sasa hii naomba mkeo aisome mwenyewe, maana mimi niliambiwa nimechelewa. KWENYE GARI USIMFUNGE MTOTO MKANDA AKIWA NA JAKETI NENE. Mimi nilikuwa namwingiza na lile ovaroli lake la theluji zima zima, namfunga, navuta mkanda naona umekaza. Siku moja dada mmoja tunayefanya naye kazi akaniambia hebu mtoe, mvue, mrudishe bila kugusa mkanda. Nikafanya. Jamani mkanda ulikuwa unaning'inia, ngumi yangu nzima inapita kati ya mkanda na kifua cha mtoto. Yaani ikitokea ajali lile jaketi linajikunja lote na mtoto anachomoka. Nilikaa pale kwenye gari nikatetemeka na siyo kwa baridi. Mfunge akiwa na sweta tu, mkanda ukaze, ndo umfunike na blanketi kwa juu au umgeuzie jaketi lake mbele nyuma mikono ikiingia.

Vitamini D ulizia kliniki mapema. Mwili unaitengeneza kwa jua, na ukienda mbali kaskazini wakati wa baridi jua linakuwa chini sana halitoshi hata ukikaa nje, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Nchi nyingi za baridi watoto wadogo wanapewa matone kila siku. Na nyie wakubwa mjiulizie.

Nyumba. Watu wanaogopa baridi ya nje, kumbe ndani ndo kuna ukame. Hewa ya baridi haibebi unyevu, ukiiingiza ndani ukaipasha inakuwa kavu kama jangwa, utaamka midomo imepasuka, pua inatoa damu, ukigusa kitasa cha mlango kinakupiga shoti. Losheni ya maji maji itakuangusha, paka mafuta mazito ukitoka tu kuoga ngozi bado ina unyevu, na usioge maji ya moto sana japo najua utatamani. Nywele za mkeo asizigusishe na kofia ya sufu moja kwa moja, sufu inanyonya mafuta na kukata nywele, avae kitambaa cha satini ndani ya kofia.

Ila na wewe usije ukafunga madirisha miezi mitano! Mvuke wa kupika, kuoga na kuanika nguo ukikosa pa kutokea unakaa kwenye kona za kuta unakuwa ukungu mweusi. Fungua dirisha lote wazi dakika tano mpaka kumi, funga. Ukuta na vitu haviwahi kupoa. Kuliacha nusu wazi kutwa nzima ndo unapasha mtaa.

Mkisafiri msizime hita kabisa, ishusheni tu, bomba la maji likiganda linapasuka na mnakuta ndani bwawa.

Na la mwisho mdogo wangu, hili nalisema kwa kila mgeni hata wakinicheka. Hita ikiharibika USIWASHE MKAA ndani, wala jiko la gesi la kambini, wala usikae kuota oveni ya gesi ikiwa wazi. Ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, kichwa kinauma unadhani umechoka unalala, huamki. Kila nyumba iwe na king'ora chake, ukipewa nyumba ulizia hicho kabla hujaulizia intaneti.

---

Dereva_wa_Usiku:

Naongezea ya barabarani. Theluji mpya haina shida, unaikanyaga inalia kwi kwi unajisikia raha. Hatari ni ile iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku, inakuwa barafu nyembamba kama kioo, lami unaiona nyeusi kabisa unadhani ni maji. Hapo tembea kama bata. Hatua fupi, mguu unatua wote bapa, uzito uweke kwenye mguu wa mbele, magoti yalegee kidogo, na mikono TOA MFUKONI. Mtu akiteleza mikono iko mfukoni anatua na uso. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono siku ambayo theluji ilikuwa imeshaisha karibu yote, nashuka kwenye basi mguu wa kwanza tu, puu. Kushuka kwenye basi na ngazi za nje ndo watu wanaangukia sana. Na usidanganyike ukiona wamemwaga chumvi, baridi ikishazidi kama -10 hivi chumvi inachoka, ndo maana utaona wanamwaga mchanga na kokoto.

Usipite chini ya mapaa yenye mikuki ya barafu. Simu weka mfuko wa ndani karibu na mwili, betri ikipoa inaweza kuonyesha asilimia 40 afu ikazima ghafla.

Gari sijui kama utanunua mwaka wa kwanza ila ukinunua: matairi ya baridi kuanzia joto likishuka chini ya nyuzi 7 siyo mpaka theluji ianguke, tenki lisishuke chini ya nusu, na usimwagie kioo maji ya moto, kitapasuka mbele ya macho yako. Ukikwama kwenye theluji njiani usiondoke ndani ya gari kwenda kutafuta msaada. Kaa humo, kila saa washa injini dakika kama kumi upashe, ila KABLA hujawasha shuka uondoe theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba ule moshi unarudi ndani, ndo habari ileile aliyosema MamaKundi.

---

kijana_wa_leo:

sasa wakuu mbona hakuna aliyejibu la pombe 😂 mi naona jamaa yuko sahihi ukipiga kidogo mwili unachemka kabisa

---

Dereva_wa_Usiku:

@kijana_wa_leo unachemka ngozi siyo mwili. Pombe inafungua mishipa ya juu, damu ya moto inakimbilia kwenye ngozi, wewe unasikia raha, kumbe joto la ndani ndo linatoka hivyo. Na inakuondolea kutetemeka, ambako ndo mwili unatengeneza joto. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 mtu anaanza kuongea kama mlevi, anayumba, anaangusha vitu, sasa kama kweli kalewa nani atajua kuwa anakufa? Kunywa ukishafika ndani na kama unarudi kwa mguu acha kabisa.

---

Nusu_Saa_ya_Jua:

Nimesubiri wote mmalize nijibu hili la giza maana naona mmeliruka.

Mkuu siyo stori. Mimi nilijiandaa kwa baridi kila kitu, buti, sufu, mafuta, na baridi kweli haikunifanya kitu. Kilichonipiga ni Novemba. Naamka giza, naingia kazini giza, natoka saa kumi jioni giza, wiki nzima jua naliona dirishani kama picha. Nikaanza kulala masaa 11 na bado nachoka, nakula wanga kama nimetumwa, simu za nyumbani sipokei nasema nitapiga kesho. Mke wangu akadhani nina mtu. Mimi nikadhani nimekuwa mvivu. Ilichukua mpaka Februari daktari aniambie kuna ugonjwa kabisa wa sonona unaokuja na msimu, ulielezwa na daktari Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984, na siyo wageni tu, hata wenyeji unawapata.

Kinachosaidia ni mwanga asubuhi. Kuna taa maalum za luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), unaiweka mezani pembeni kidogo ya uso wakati unakunywa chai, dakika 20 mpaka 30, kila siku, mara tu ukiamka. Siyo taa ya kawaida, taa za ofisini ni kama luksi 500 tu. Ila hata bila taa, ukitoka nje saa sita mchana hata kukiwa na mawingu mazito unapata mwanga mara nyingi zaidi ya wa ndani, kwahiyo chakula cha mchana kula haraka utembee robo saa. Mwenye matatizo ya macho au ya hisia kupanda na kushuka sana aongee na daktari kwanza kabla ya hiyo taa.

Inategemea pia unaenda kaskazini kiasi gani. Sehemu kama Tromsø kule Norwe jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari, kuna weupe tu wa mchana masaa machache. Angalia mji wako una masaa mangapi ya mwanga Desemba, hiyo namba ni muhimu kuliko -25. Na kuanzia tarehe 21 au 22 Desemba mchana unaanza kurefuka, baridi inaendelea kukaza lakini wewe hesabu dakika.

Kitu kingine, mwambie mtu mmoja wa nyumbani kabisa, "ukiona nimeacha kupokea simu wiki nzima, siyo maringo." Mimi nilimwambia dada yangu, na msimu wa pili ndo yeye aliyegundua kabla yangu.

---

MgeniWaTheluji:

Wakuu nimerudi na mrejesho. Leo siku ya 19 huku.

Kwanza begi langu kubwa lilichelewa siku mbili!! Kofia, glavu, soksi na sweta vyote vilikuwa begi la mkononi, KipupweSugu Mungu akubariki. Jaketi nimenunua mitumba kama alivyosema mzee, linafika magotini, lina jina la mtu limeandikwa kwa kalamu ndani ya kola, sijui yuko wapi huyo bwana ila alikuwa na mwili mzuri.

Baridi yenyewe sikuitegemea ilivyo. Nilidhani ni kama friji. Siku ya kwanza ya -22 nimevuta pumzi mlangoni, vinywele vya puani vikakamatana papo hapo, nikapiga chafya nikarudi ndani. Nimeanguka mara moja tu, mikono ilikuwa mfukoni, sina la kujitetea.

Mchana ni masaa saba na nusu, nimeshaanza kutoka saa sita kila siku. Na king'ora kipo, nimekijaribu mpaka jirani kaja kugonga.

Mke na binti wanatua Alhamisi. Nimeazima kiti cha mtoto cha gari, na jaketi zao nakwenda nazo mpaka pale abiria wanapotokea, hawatoki nje bila kuvaa. Sasa shida, mke wangu kanitumia video anamfanyisha mazoezi ya kuvaa huko kwenye joto, kofia kaitupa, glavu ya kulia kaing'ata kwa meno akaivua kama mtu mzima, hata sekunde tano hazijafika. Hapo inakuwaje?

---

MamaKundi:

Hahaha huyo yuko kawaida kabisa mdogo wangu. Kofia tafuta ya kufunga chini ya kidevu kwa stika. Glavu avae kwanza ndipo uvalishe jaketi, mkono wa jaketi uje juu yake, siyo kinyume. Zishone na uzi mrefu upite ndani ya mkono mmoja wa jaketi, mgongoni, utokee mkono mwingine, akiivua inaning'inia hapo hapo. Na nunua pea tatu za rangi moja, maana zinapotea moja moja, ya kulia ndo inatangulia.